Kilemba Juu, Mkasi Chini

Mliniacha juu ya kigoda, uani kwetu, kifua wazi, nanuka haradali, wanawake wa ukoo wamenizunguka na bakuli la singo. Bado nipo. Bwana harusi akishakalishwa pale haruhusiwi kuinuka mpaka shangazi zake wachoke, na shangazi zangu hawachoki.

Kwa aliyekosa Jumapili zilizopita, habari yangu si ndefu. Naitwa Nirmolak Singh, nyumbani Molak, mfunga vilemba. Kazi yangu ni kwenda kwenye harusi za watu alfajiri na kuwafunga wanaume vilemba, bwana harusi kwanza, kisha baba yake, kisha wajomba, mpaka mikono ife ganzi. Kutoka Nakodar hadi Phagwara, huku kwetu Punjab, vijana hunitafuta kwa sababu mikunjo yangu hulala sawasawa na haichezi hata mtu akicheza ngoma hadi jioni. Na chini ya kilemba changu mwenyewe nina nywele fupi za kinyozi, jambo ambalo dini yetu Masingasinga inalikataza.

Nilizikata ujanani, kwa joto na uvivu. Ndevu niliziacha, maana zinaonekana.

Wala siko peke yangu. Mfunga vilemba huona yaliyofichwa na hufunga mdomo. Nimeviona vichwa vya wilaya nzima, na ningeyasema ninayoyajua, nusu ya wenye masharubu mazito wasingetoka nje.

Shida ni kwamba nilimpenda Sehaj. Yeye amekunywa amrit, maji matakatifu, amekula kiapo cha Khalsa, cha wasiokata hata unywele, huamka kusali kabla jogoo hajawika, na siku za mapumziko hukaa kwenye chumba cha viatu pale gurdwara, hekaluni kwetu, akifuta viatu vya watu asiowajua. Siku wazazi walipotukutanisha aliniuliza swali moja tu, kama mkasi umewahi kugusa kichwa changu. Nikamwambia haujawahi. Sikumeza hata mate.

Baba yake, Mzee Jagtar Singh, hakuuliza kitu. Alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akatazama kilemba, masharubu na kifua, akasema, "Huyu atatoka vizuri kwenye picha."

Ndiye yule mwenye tangi la maji lenye umbo la ndege ya abiria juu ya paa. Kijiji kizima humwita Jagtar wa Ndege, naye huitika kwa furaha. Ana trekta zenye spika kubwa kuliko injini, farasi mweupe asiyepandwa na mtu, na simba wawili wa saruji getini. Alinipenda kwa dhati. Kitu kimoja tu kilikuwa kikinishangaza: pamoja na kunisifu kote huko, hakuwahi kuketi mbele yangu nimfunge kilemba. Hujifungia chumbani, akatia komeo, akatoka ameshakamilika. Nikadhani ni ucha Mungu.

Basi turudi kigodani.

Anayesingwa kwetu hukaa kichwa wazi, fundo la nywele utosini, na wanawake huchovya majani kwenye mafuta na kumdondoshea. Mimi sikuwa na fundo. Nyumbani walijua, na lisingekuwa neno, lakini Mzee Jagtar alikuwa ametuletea wapiga picha wake. Alitaka singo yetu irushwe mubashara kwenye skrini kubwa kama ukuta aliyoisimamisha uani kwake, wageni wake wa Kanada waitazame huku wakinywa. Na Sehaj alikuwa kwenye ua huo huo, akiwagawia watu chai.

Shangazi Mindo, dada wa marehemu baba, ndiye aliyepata dawa. Mama, kama wanawake wote wa rika lake, hatupi nywele zinazotoka na kitana. Huzisokota na kuziweka kwenye kifuko cha kitambaa mpaka siku ya kuzichoma kwa heshima. Shangazi alikwapua kifuko, akasokota fundo kubwa, akalipaka rangi nyeusi kwa kuwa mama ana mvi, akalibana utosini pangu kwa pini na utepe. Nikajitazama kwenye kioo. Nilikuwa mcha Mungu kabisa.

"Usicheke, usitikisike, usipige chafya," akaniambia. "Na mama yako akiulizia kifuko, mimi nilikuwa jikoni."

Rangi ile na mafuta ya haradali havikupatana. Kila shangazi alidondosha tone lake, na kila tone liliteremka na weusi wake, likapita kwenye nyusi, likapita puani. Nikakaa kimya kama nilivyoagizwa. Binamu yangu aliyeshika pembe moja ya kitambaa chekundu juu yangu akainama akaninong'oneza, "Kaka, unavuja."

Mpiga picha naye akaona kuna jambo, akasogeza kamera.

Shangazi Mindo akaruka na taulo. Alinifuta kwa nguvu zake zote, na fundo likatoka na taulo, likaanguka kwenye bakuli la singo.

Hakuna aliyecheka. Mama hakunitazama mimi, alitazama bakuli. Akazitambua nywele zake. Akatia mkono kwenye ule unga wa dengu na manjano, akazitoa, akaenda bombani akazisuuza taratibu, akazifunga kwenye ncha ya mtandio wake. Ndipo nilipoona aibu. Kabla ya hapo nilikuwa naona hofu tu.

Simu ikalia. Mzee Jagtar. Nikajua harusi imekwisha.

Alikuwa anacheka.

"Kijana, umeshtuka?" akasema. "Tulia. Nimeshawaambia wageni ni mzaha, kwamba kwenu huko mna desturi ya kumvisha bwana harusi nywele za uongo ili kuepusha kijicho. Wamefurahi. Wameomba irudiwe."

Nikamwambia haikuwa mzaha, kwamba nilimdanganya binti yake, na kwamba niko tayari kuja kupiga magoti.

"Magoti ya nini? Nani anatazama kichwa? Watu hutazama kilemba. Kesho nataka cha waridi, mita saba, kishada cha vito mbele, na nakutumia farasi. Wewe funga vizuri tu."

"Na Sehaj, baba?"

"Sehaj ni mwanangu. Atanyamaza."

Nikanywa maji. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Mtu aliyenusurika hulala fofofo, mimi nilikuwa nazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Shangazi Mindo akaniambia nishukuru, ng'ombe ameanguka kisimani akatoka na maziwa yake.

Sehaj hakunyamaza. Jioni alipiga.

Nilitegemea machozi, au matusi. Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote.

"Nywele hazinisumbui, Molak," akasema. "Nywele huota. Nilikuuliza ili nijue kama wewe ni mtu wa kuulizwa."

Nikaanza kujitetea. Nikataja joto, nikataja ujana, nikataja kwamba hata fulani na fulani. Akaniacha nimalize, na kuachwa umalize upuuzi wako ni adhabu tosha.

"Kesho usije na kilemba," akasema.

"Nije na nini?"

"Pale mlangoni pa gurdwara pana ndoo ya vitambaa vya rangi ya chungwa, vya wageni wenye nywele fupi. Chukua kimoja, funika kichwa, uingie uketi mbele ya Kitabu kitakatifu kama ulivyo. Kilemba ni cha Guru, si cha picha. Siku utakayokivaa kwa haki nitakushikia ncha mimi mwenyewe tukikikunja. Ukija na kitambaa nitainuka nikizunguke Kitabu nawe mara nne, tuwe tumeoana. Ukija na kilemba sitainuka."

"Mbele ya watu wa baba yako?"

"Ndiyo. Ulinidanganya mbele ya watu."

Akakata simu.

Sasa nieleweke. Bwana harusi wa Kipunjabi bila kilemba si bwana harusi, ni dereva. Na mimi si bwana harusi yeyote, ni mfunga vilemba mwenyewe. Ni sawa na mpishi aombe chakula kwa jirani siku ya karamu yake. Kazi ingekufa asubuhi hiyo hiyo. Lakini kazi nimeshapoteza nyingine, mlizisoma. Sehaj ni mmoja.

Nikamwambia mama. Alikuwa amekaa na mkufu wa shanga za sala mkononi, hazungumzi nami tangu bakuli. Nilipomaliza alivua miwani.

"Baba yako alipokufa," akasema, "siku ya kumaliza matanga, kilemba kile ulifungwa na nani?"

"Na wajomba. Mbele ya kijiji."

"Ulifungwa uchukue nafasi yake. Mimi nikaona, nikasema basi, nyumba ina mtu. Sasa unataka kukivua mbele ya kijiji kile kile, kwa sababu msichana amekasirika."

Nikamwambia Sehaj hakukasirika, hilo ndilo tatizo.

"Ukienda na kitambaa cha ndoo, mimi siendi," akasema. "Na nywele nilizosuuza leo sitazisuuza tena kwa ajili yako."

Mnaona nilipo. Wa kwanza anasema vua, wa pili anasema ukivua sina mwana, na wa tatu anatuma farasi.

Kulipokucha nilifanya nilivyofanya kila asubuhi ya maisha yangu. Nilichukua kitambaa cha waridi, nikakinyunyizia maji, nikasimama mlangoni, na mama akaja akashika ncha ya pili. Tukavuta, tukakunja, tukavuta. Kitambaa cha kilemba hakikunjiki na mtu mmoja. Macho yake yalikuwa mekundu na mikono yake ilikuwa imara. Nikakifunga. Sijawahi kufunga kilemba kizuri kama kile, na sijui kwa nini Mungu aliniachia kipaji chote siku hiyo.

Mama akanitazama, akatabasamu, akapanda gari.

Yule farasi mweupe alikuwa hajawahi kubeba mtu, na spika za trekta zilimkera. Alikwenda upande, akarudi kinyumenyume, akazunguka. Vijana walicheza mbele yetu na bunduki mabegani. Kishada kilinigonga paji la uso. Juu yetu droni ya Mzee Jagtar, kamera yake irukayo, ilikuwa inavuma kama nzi asiyefukuzika. Kila nilipojiambia nimeamua, farasi aligeuka, nami nikawa natazama nilikotoka.

Lango la gurdwara yao ni la marumaru. Mzee Jagtar ndiye aliyelijenga, na jina lake limechongwa kwa herufi ambazo msafiri huzisoma akiwa bado barabarani. Alisimama chini yake na kilemba cha bluu kirefu kuliko changu, shada la maua mkononi, wageni wa Kanada nyuma yake wakiwa wameinua simu.

Ndoo ilikuwa pembeni, karibu na bomba la kunawia miguu. Ndoo ya plastiki, ya kawaida, kama ya kufulia.

Na kwenye mlango wa chumba cha viatu alisimama Sehaj, nguo nyekundu, upanga mdogo wa kiapo ukiwa begani, akipokea viatu vya watu hata siku ya harusi yake. Aliona kilemba. Aliweka chini kiatu alichokuwa nacho na kugeuka kwenda ndani.

Mgongo wake ndio ulioniamulia.

Nikashuka kwenye farasi. Wote walidhani nashuka kumwamkia baba mkwe, naye akafungua mikono. Mimi nikaenda kwenye ndoo. Nikatoa kishada, nikakiweka ukutani. Nikatafuta ncha ya kilemba kisogoni na kuanza kukifungua. Mita saba ni nyingi ukiwa unatazamwa. Ngoma ikanyamaza, mpigaji mmoja akabaki akipiga peke yake, kisha naye akaona.

Upepo ulinipita kichwani. Nilikuwa nimesahau ulivyo.

Nikachukua kitambaa cha chungwa, kina alama ya maji, nikajifunga. Kile cha waridi nikakikunja nilivyoweza peke yangu, vibaya, nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa kwenye gari, mlango umefungwa. Lakini kioo alikuwa amekiteremsha.

Sehaj alikuwa amesimama. Hakuwa ameingia ndani.

"Kijana," Mzee Jagtar akasema kwa sauti ya chini, tabasamu likiwa bado usoni kwa ajili ya picha. "Vaa hicho kitu."

"Binti yako ameniambia nije hivi, baba."

"Kuna watu wametoka Vankuva. Kuna watu wametoka Birmingham. Nimewaambia mkwe wangu ndiye sura ya Punjab."

"Sura yangu ni hii."

Akanisogelea. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru, maana kofi lina mwisho. Aliniambia jina la ukoo wake, la baba yake, la babu yake, kwamba wote walikufa na heshima yao na yeye anazikwa hai getini pake mwenyewe. Nikamwambia heshima ya ukoo wake haiko kichwani kwangu.

"Ipo," akasema. "Leo ipo hapo."

Kisha akafanya jambo ambalo kwetu mtu hulifanya mara moja katika maisha yake, akiwa hana tena kitu cha kuombea. Alishika kilemba chake cha bluu kwa mikono miwili, akakivua kizima kama kilivyo, akainama, na kukiweka miguuni kwangu.

"Nakuomba," akasema.

Alikuwa ameinama mbele yangu, na kila mtu aliona nilichokiona. Nywele fupi, zimekatwa vizuri, zimepakwa rangi, na mstari msafi wa kinyozi kisogoni. Wa wiki hii.

Nafikiri yeye mwenyewe alikuwa amesahau. Alikuwa anakipigania kilemba kwa moyo wake wote, akasahau kilichokuwa chini yake. Alipoinua uso na kuona watu hawanitazami mimi, mkono wake ulikwenda kichwani wenyewe, ukagusa, ukabaki hapo hapo.

Simu zote za Kanada zilikuwa juu.

Mimi sikuweza kusogea. Kilemba cha mzee kilikuwa kati yangu na mlango. Kukiruka ni tusi ambalo hata adui hafanyi. Kukiokota na kumrudishia ni kulikubali ombi lake, nami nivae changu. Nikabaki na kitambaa cha chungwa kichwani, kilemba cha waridi mkononi na cha bluu miguuni, na sikujua niweke wapi unyayo.

Sehaj akaondoka mlangoni alipokuwa amesimama. Watu wakampisha. Hakunitazama mimi, alikuwa anamtazama baba yake, kichwa kile, kama mtu aliyeingia chumba cha nyumba yao ambacho hakujua kuwa kipo. Miaka yote alimwona akitoka chumbani ameshafunga.

Alipita mbele yangu akaenda kwenye ndoo. Akachagua kitambaa, akakikung'uta, akaja akasimama mbele ya mzee na kumnyooshea kwa mikono yote miwili.

"Baba," akasema, na sauti yake ile ya siku zote ilikuwa imekatika, "funika kichwa tuingie. Harusi haiwezi kuanza bila wewe."

Mzee Jagtar alikitazama kitambaa. Akanitazama mimi, akaitazama ndoo. Mkono wake ukashuka kutoka kichwani, ukasogea mbele kidogo.

Kisha akaisikia droni. Akainua uso juu, kule ilikokuwa ikimpiga picha, na mkono ukasimama hapo ulipofika.